Kadi ya Bastola Si Tiketi ya Maonyesho

Kidude cha kupima chuma kililia. Mlinzi wa lango, msichana mwenye sare iliyomzidi mabegani, akakipitisha tena ubavuni mwa mzee aliyekuwa mbele ya foleni. Kikalia palepale, juu ya mshipi, upande wa kulia.

"Mzee, samahani. Hapo una nini?"

Mzee hakujibu kwa maneno. Alitoa pochi, akaifungua, akamwonyesha kadi. Msichana akaisoma, akageuka kumtafuta polisi ambaye dakika chache zilizotangulia alikuwa chini ya mti ng'ambo ya barabara. Hakuwapo. Foleni ikaanza kunung'unika, mtoto mmoja akalia, na mtu wa nyuma akauliza kwa sauti kama watalala pale.

"Haya, karibu, mzee."

Mzee akaingia na mjukuu wake mkononi, wakashika njia ya mabanda ya ng'ombe wa maziwa. Ulikuwa uwanja mmoja wa maonyesho ya kilimo huku kwetu magharibi mwa Kenya. Sitautaja, kwa sababu ungeweza kuwa uwanja wowote.

Hakuna aliyepiga kelele pale langoni, wala aliyetishwa. Mzee alikuwa na kadi halali, na mlinzi alifanya kazi yake hadi pale uwezo wake ulipoishia. Hata hivyo jambo hili limenikaa kichwani wiki baada ya wiki, na kila msimu wa maonyesho unapokaribia, kuanzia Nakuru mwezi wa Julai hadi Kisumu na kwingineko, linarudi na swali lilelile.

Ile kadi ilijibu swali gani?

## Nani, si wapi

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inahusu zaidi mtu na chombo chake. Cheti kinaonyesha ni nani amekubaliwa, ni silaha ya aina gani, nambari yake ni ipi, na ni risasi ngapi anaruhusiwa kuwa nazo. Sheria yenyewe inakataza kumpa cheti mtu mlevi wa kupindukia, asiye na akili timamu, au asiyefaa kwa sababu nyingine yoyote kukabidhiwa silaha. Mwishoni mwa 2018 wenye leseni wote walipoamriwa kujitokeza upya ndani ya siku 90, bodi ya leseni ilikuwa inahakiki hilo hilo: wewe ni nani, na chuma chako ni kipi.

Kadi ile haikumwambia mlinzi kama mwenyewe anafaa kusimama na bastola iliyojaa katikati ya watoto wa shule wanaogombania kuona ndama.

Sheria nyingine zinagusa mahali, ila kwa pembeni. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, inamshika anayetembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inakataza silaha kwenye mikutano ya hadhara isipokuwa kwa mwenye mamlaka ya kisheria. Ibara ya 37 ya Katiba inatupa haki ya kukusanyika "kwa amani na bila silaha". Mawakili wanaweza kubishana mchana kutwa kama maonyesho ya kilimo ni mkutano wa hadhara au la, na kama ubishi huo unabadilika mgeni rasmi anapopanda jukwaani na kushika kipaza sauti. Mimi sioni sababu ya kungoja wamalize.

Mwenye uwanja ana haki ya kuweka masharti ya kuingia. Katiba yetu haina ibara inayompa mtu haki ya kubeba bunduki. Mwandalizi akichapisha kwenye tiketi kwamba silaha za raia haziingii, basi haziingii, hata kama kadi ni mpya na picha inang'aa. Sheria ya 2016 inayosimamia kampuni za ulinzi inawapa walinzi uwezo wa kupekua watu wanaoingia. Kwa hiyo lango lina nguvu ya kutosha kukataa.

Niliposoma hayo yote nilidhani jambo limekwisha. Piga marufuku, bandika tangazo, funga mjadala.

Halijaisha. Matatizo yanaanzia hapo.

## "Nishikie kidogo"

Tuseme mlinzi amepata ujasiri, akamwambia mzee: na hiyo huingii. Mzee atafanya nini nayo?

La kwanza atakalofikiria ni kumkabidhi mlinzi. Hilo haliwezekani. Mlinzi wa kampuni hana cheti cha silaha ile, na akiipokea, yeye ndiye anayekuwa na silaha bila cheti. Nia njema haimwokoi. Mzee naye atakuwa amemkabidhi silaha mtu asiyeruhusiwa kuishika. Wawili waungwana, makosa mawili, ndani ya nusu dakika.

La pili ni kumpa dereva, au mke, au mpwa aliyekuja naye. "Kijana, nishikie kidogo, nikaone trekta, narudi." Kosa ni lilelile. Cheti hakiazimwi kama mwavuli.

La tatu ndilo linalofanyika zaidi, na ndilo linalonitisha zaidi: anarudi kwenye gari, anaisukuma chini ya kiti au ndani ya dashibodi, anafunga mlango, anaenda kwenye maonyesho.

Fikiria maegesho ya siku kama hiyo. Ni shamba lililokatwa nyasi, lina magari mamia, na vijana wawili wenye fulana za njano wanaelekeza watu. Mwizi anayetaka bastola hahitaji kumfuata mtu kwake. Anakaa karibu na lango, anatazama ni nani amerudishwa, anaona ameliendea gari gani, anaona ametoka mikono mitupu. Vioo vya gari havichukui sekunde tano. Sheria inamtaka mwenye silaha aihifadhi salama wakati wote, na dashibodi ya gari lililoachwa shambani haihesabiki kuwa mahali salama.

Kwa hiyo marufuku peke yake inaitoa bastola kiunoni mwa mtu aliyehakikiwa na kuipeleka kwenye gari lisilo na mlinzi. Hapo ndipo nilipoanza kusitasita.

## Umati na mguu wa kuku

Kuna wanaosema: basi mwacheni aingie nayo, amefunzwa, kadi anayo. Wanaosema hivyo wanafikiria bastola kama kitu kinachokaa kimya mpaka mwenyewe aamue. Kiunoni mwa mtu anayetembea wazi mtaani, mara nyingi ni kweli. Kwenye maonyesho mambo ni mengine.

Nakuru mwezi wa Julai ni baridi, watu wanavaa jaketi. Jaketi zina kamba za kukaza kiunoni, na kamba hizo zina vifundo vya plastiki mwishoni. Mtu anayerudisha bastola kwenye ala, yaani mfuko wake wa kiunoni, bila kutazama anaweza kuingiza kifundo pamoja nayo, kikakaa mbele ya triga. Bastola nyingi za Glock hazina kizuizi cha kusogeza kwa kidole gumba. Ulinzi wake umo ndani na kwenye triga yenyewe, na triga hiyo inahitaji msukumo wa kilo mbili na nusu hivi. Akisukuma bastola chini, kifundo kinavuta triga. Ala laini za kitambaa zina hatari iyo hiyo: mdomo wake unajikunja ukitolewa bastola, na pindo linaingia pale pasipotakiwa kuingia kitu.

Kisha kuna vyoo vya muda. Mtu anafungua mshipi, bastola inakuwa nzito upande mmoja, anaitoa na kuiweka juu ya tangi au sakafuni. Anatoka. Anayefuata kuingia ni mtoto wa darasa la nne.

Na bembea. Ile kubwa inayozunguka na kuinama. Ala isiyo na kamba ya kufungia haikutengenezwa kwa mtu aliyelala ubavu hewani.

Hapa niseme jambo ambalo kila mwenye bastola anapaswa kulijua kama jina lake: ikianguka, iache ianguke. Bastola nyingi za kisasa zina kizuizi ndani kinachozuia pini kugonga risasi bastola inapopiga chini. Ceska CZ 75 za zamani hazina kizuizi hicho. Zilizoandikwa B baada ya 75 zinacho. Lakini hata ile ya zamani, hatari kubwa kuliko kuanguka ni mkono unaojaribu kuidaka, maana kidole kinachorukia bastola hewani mara nyingi hutua kwenye triga.

Bastola ikilia, nini kinaizuia risasi? Risasi ya 9 mm ina uzito wa gramu 7 na nusu hadi 8, na inatoka mtutuni kwa kasi ya mita 350 hivi kwa sekunde. Turubai haliihisi. Ubao wa plaiwudi wa kibanda hauwezi kuizuia. Bati moja haliwezi. Mabanda yote ya maonyesho yamejengwa kwa vitu hivyo vitatu, na nyuma ya kila kimoja kuna watu.

Halafu kuna mkanyagano, ambao unaweza kuumiza watu wengi kuliko risasi yenyewe. Malango ya viwanja vyetu ni membamba kwa sababu yalijengwa ya kukagulia tiketi, na watu mia kadhaa wakigeuka kuyakimbilia kwa pamoja, hakuna polisi wa kuwapanga.

## Anayesema atatulinda

Hoja moja siwezi kuipuuza. Mfanyabiashara wa ng'ombe anasema: mimi nilipewa leseni kwa sababu nimewahi kutishiwa. Natoka Kitale kabla ya jua, narudi usiku. Mkiniambia niache bastola nyumbani, njiani mtanilinda ninyi?

Ana haki ya kuuliza. Ila ukimsikiliza vizuri, hatari anayoitaja iko barabarani. Ndani ya uwanja kuna polisi wenye sare, polisi wa kiraia, na walinzi wa wageni rasmi ambao pengine hata hawajuani kwa sura. Mlio ukisikika na yeye akachomoa ili asaidie, polisi anayekuja mbio anaona kitu kimoja tu: mtu asiye na sare, ameshika bastola. Hana muda wa kuomba kadi.

Mtu huyu hahitaji bastola ndani ya maonyesho. Anahitaji mahali pa kuiacha saa nne asubuhi na kuichukua saa kumi na moja jioni. Ndiyo maana nimeacha kuamini marufuku tupu, na nimeanza kuamini marufuku yenye meza.

## Meza, pipa na daftari

Meza hiyo ni ya polisi. Si ya kampuni ya ulinzi wala ya kamati ya maonyesho, kwa sababu niliyoieleza: polisi akiwa kazini anaweza kuipokea silaha kisheria, wengine hawawezi. Mwandalizi anaiomba mapema kwa mkuu wa kituo, pamoja na maombi ya ulinzi wa kawaida, na anaomba maafisa waliofunzwa silaha na wasiobadilishwa kila saa.

Iwekwe kando ya foleni, isiwe ndani yake, na nyuma yake kuwe na tuta la udongo au ukuta wa mawe. Isiwe ndani ya hema.

Karibu na meza, pipa la lita 200 la kunasa risasi ikitoka kwa bahati mbaya. Lijazwe mchanga mkavu uliochekechwa, usio na kokoto, maana jiwe linarudisha vipande. Mchanga huo unafika kilo 300, kwa hiyo pipa lijazwe likiwa tayari mahali pake. Mdomo ufunikwe kwa ubao wenye tundu la kipenyo cha sentimita 15 hivi, na pipa liinamishwe kidogo ili mtu asilazimike kupinda kifundo cha mkono. Kisumu mvua ya alasiri haibishi hodi. Turubai la kulifunika liwe tayari.

Sasa kazi yenyewe. Mtutu uelekee ndani ya tundu kabla ya jambo lingine lolote, kidole kikiwa kimenyooka ubavuni, mbali na triga. Magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, itoke kwanza. Kisha slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, ivutwe nyuma hadi mwisho na kufungwa hapo, ili risasi iliyokuwa kwenye chemba, yaani tayari nyuma ya mtutu, iruke.

Mpangilio huo ndio unaokosewa. Mtu akivuta slaidi kwanza na kutoa magazini baadaye, risasi ya chemba inaruka kweli, lakini slaidi ikirudi mbele inapandisha nyingine kutoka kwenye magazini. Anatoa magazini, anaiona mkononi, anajiambia imekwisha. Chemba ina risasi. Bastola nyingi zinazoitwa tupu hulia kwa njia hiyo.

Risasi inayoruka iachwe ianguke chini. Wapo wanaopenda kuifunika kwa kiganja ili waidake. Kiganja kinaweza kuizuia isitoke sawasawa, kitako chake kikagongwa na chuma kilichomo ndani, na ganda likapasuka mkononi. Isubiri ardhini, iokotwe.

Baada ya hapo afisa atazame chemba, halafu aguse kwa ncha ya kidole kidogo. Jua la saa sita linadanganya macho. Kugusa hakudanganyi. Bastola ya silinda ina utaratibu wake: silinda ifunguliwe pembeni, vyumba vyote vimwagwe na kuhesabiwa, maana kimoja kilichosahaulika kinatosha.

Daftari liandikwe mbele ya mwenyewe: saa, jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya cheti, aina ya silaha na nambari iliyochongwa juu yake, idadi ya risasi zilizohesabiwa na wote wawili kwa sauti, nambari ya droo. Sahihi mbili. Kipande cha bati au plastiki chenye nambari abebe mwenyewe, na kingine chenye nambari hiyo kifungwe kwenye silaha. Risasi ziwe kwenye mfuko wake. Sefu ifungwe kwa nati sakafuni mwa kontena, funguo mbili, maafisa wawili.

Afisa atahitaji dakika tano hivi kwa kila mtu. Kwa wenye silaha wachache wanaokuja siku moja, hilo si mzigo.

## Lakini kila kugusa ni hatari

Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu zaidi. Bastola iliyotulia kwenye ala nzuri, ngumu, inayofunika triga yote, haipigi yenyewe. Kila mara tunapomwambia mtu aitoe na kuishughulikia, tunatengeneza nafasi ya kosa. Wenye uzoefu wa silaha wanajua kwamba ajali nyingi hutokea wakati wa kupakia na kupakua, si wakati wa kubeba. Je, meza yangu haiongezi hatari badala ya kuipunguza?

Wapo wanaopendekeza ipokelewe na ala yake, ikiwa imejaa hivyo hivyo, ifungiwe kwenye sanduku. Inavutia. Lakini afisa hawezi kulinganisha nambari bila kuitoa, zamu ikibadilika anayepokea hajui ameachiwa nini, na jioni tunarudisha silaha iliyojaa mikononi mwa mtu ambaye hatujui ameshindaje.

Msimamo wangu ni huu. Penye pipa na afisa aliyefunzwa, ipakuliwe. Pasipo na pipa, isitolewe kwenye ala hata kidogo. Mtu aelezwe kwa heshima arudi nayo nyumbani, au aipeleke yeye mwenyewe kituo cha polisi kilicho karibu. Kupakua bastola juu ya boneti ya gari langoni, mtutu ukielekea ardhi ya mawe, ni vibaya kuliko yote.

Na njia ya kupunguza kugusa ni kupunguza bastola zinazofika langoni. Mtu anayejua tangu jana kwamba haiingii ataiacha kwenye sefu yake. Tangazo liwe kwenye tiketi, kwenye bango la barabarani kabla ya kukunja kuelekea maegesho, na kwenye redio za Kiluo, Kiluhya na Kikalenjin wiki nzima. Maneno machache yanatosha: "Silaha za raia haziingii, hata zenye leseni. Iache nyumbani. Uliyesafiri nayo, ona polisi Lango A kabla ya kuegesha." Hiyo "kabla ya kuegesha" ndiyo inayomnyima mwizi wa maegesho nafasi ya kuchagua gari.

Walinzi wa wageni rasmi na polisi wa kiraia waandikishwe kwa kamanda wa uwanja asubuhi, kila mmoja, bila kujali anamlinda nani. Mlinzi wa lango asiachwe peke yake kumjibu mheshimiwa. Msichana yule alihitaji mtu mmoja tu wa kumwita, na mtu huyo hakuwapo.

## Mabanda yenye bunduki

Kwa ufupi, kwa sababu ni kisa kingine: mabanda ya jeshi na polisi huvuta watoto kuliko mabanda yote. Bunduki za maonyesho ziwe zimeondolewa risasi, zimefungwa kwa mnyororo mezani, na askari asimwache mtoto kuweka kidole kwenye triga ili apigwe picha. Mtoto huyo anajifunza kidole kinakaa wapi.

## Jioni

Kurudisha kuna makosa yake. Mwenyewe alete bati lake, kitambulisho na kadi. Afisa alinganishe nambari upya, na risasi zihesabiwe upya kwa sauti. Bastola irudi tupu ndani ya ala, magazini mkononi. Akitaka kuijaza kwa ajili ya safari, aijazie palepale kwenye pipa, afisa akiwa kando yake. Isiwe kwenye kiti cha dereva taa za magari zikimpiga usoni.

Anayerudi ananukia pombe hapewi. Sheria haitaki mlevi awe na cheti, sembuse kukabidhiwa risasi kumi na tano giza likiingia. Atalalamika, atataja majina ya wakubwa, ataomba kuongea na bosi. Afisa aandike saa na sababu kwenye daftari. Uwanja ukifungwa, kila silaha iliyobaki ipelekwe kwenye ghala la kituo chini ya sahihi ya maafisa wawili, na mwenyewe aelezwe ofisi inafunguliwa saa ngapi kesho.